Mtoto mwenye mzio shuleni: Uji wa wote si uji wake

WAZAZI wanapompeleka mtoto shule mpya huuliza mengi. Huuliza karo ni pesa ngapi, sare yashonwa wapi, na matokeo ya mtihani wa mwaka uliopita yalikuwaje. Ni wachache mno wanaouliza jikoni kunapikwa nini, kwa unga upi, na iwapo mpishi hutumia mwiko mmoja au miwili. Lakini kwa mtoto ambaye mwili wake haupatani na chakula fulani, swali hilo la mwiko laweza kuwa na uzito kuliko maswali mengine yote.

Juma hili, msomaji mpendwa, natutazame mzio wa vyakula, au aleji kama wengi wetu tulivyozoea kusema, na jinsi shule zetu zinavyoweza kuwatunza watoto walio nao. Mfano wetu tutautoa Gachoka, huko Mbeere Kusini katika Kaunti ya Embu, ingawa yaliyotokea huko yangeweza kutokea Buruburu, Nakuru au Kisauni.

Baba mmoja afanyaye kazi Nairobi ana mwanawe wa darasa la tatu anayelelewa na nyanyake Gachoka. Mtoto huyu hakuwa mgonjwa wa mara kwa mara. Alikuwa na ukurutu kidogo alipokuwa mchanga, na kila alipoonja njugu karanga alilalamika kwamba mdomo unamwasha. Nyanya akaacha kumpa njugu, mambo yakaishia hapo. Shuleni hakuna aliyeambiwa, kwa sababu shuleni hakukuwa na njugu.

Siku moja saa nne asubuhi watoto walipewa uji kama kawaida. Haukupita muda mrefu, mvulana huyu akaanza kujikuna. Midomo ilivimba, mabaka yakamtoka shingoni na tumboni, kisha akaanza kukohoa na kifua kulia kama filimbi. Mwalimu wa zamu, kwa nia njema kabisa, alimpa maji na kumlaza ofisini akidhani ni homa imemshika. Ni mwalimu mwingine aliyepita hapo akaona jinsi mtoto anavyotweta, akamtia garini na kumkimbiza zahanati. Muuguzi hakupoteza wakati. Alimdunga sindano pajani, na baada ya dakika chache mtoto akaanza kuvuta pumzi vizuri.

Kesho yake nyanya alikwenda shuleni kuuliza.

"Cucu, huu ni uji ule ule wa kila siku," mpishi akamwambia. "Watoto wote wameunywa na hakuna mwingine aliyeugua."

"Nakuamini, mwanangu," nyanya akajibu. "Lakini unga wa safari hii mmeutoa wapi?"

Hapo ndipo siri ilipofichuka. Unga wa wimbi na mtama uliozoeleka ulikuwa umekwisha, na shule ikanunua ule wa mchanganyiko ambao watu husifu kwamba una rutuba. Ndani yake mlisagwa mahindi, wimbi, soya na njugu karanga. Mpishi hakuwa na kosa, kwani hakuna aliyemwonya. Mwalimu naye hakuwa na kosa, kwani hakuna aliyemfundisha dalili. Lakini mtoto nusura afe.

MWILI UNAPOMKOSEA ADUI

Mzio si sumu wala si uchafu wa chakula. Chakula chenyewe ni kizuri na watoto mia moja watakila wanenepe. Tatizo ni kwamba mfumo wa kinga mwilini mwa mtoto huyu mmoja umekosea. Umeiona protini iliyomo katika chakula hicho ukadhani ni adui, ukatengeneza kingamwili za kupigana nayo. Siku mtoto anapokila tena, kingamwili hizo huamsha seli zinazomwaga histamini na kemikali nyinginezo. Hizo ndizo zinazoleta mwasho, uvimbe, kutapika, na katika hali mbaya zaidi kuziba kwa njia ya hewa na kushuka kwa msukumo wa damu.

Aghalabu dalili hutokea baada ya dakika chache, na mara nyingi kabla ya saa mbili kupita. Kiasi kidogo sana chatosha. Mwiko uliokoroga chakula chenye njugu ukatumbukizwa katika sufuria nyingine waweza kuleta balaa. Kuchemsha au kukaanga njugu hakumwondolei hatari mtoto mwenye mzio nazo.

Vyakula vinavyosababisha mzio mara nyingi vinajulikana: maziwa ya ng'ombe, mayai, njugu karanga, jamii ya korosho, samaki, kamba na kaa, ngano, soya na ufuta. Hebu sasa tuvitafute katika Kaunti ya Embu. Sehemu za juu, karibu na Mlima Kenya, wakulima wana makadamia, ambayo ni ya jamii ya korosho. Upande wa chini, Mbeere, wavuvi hutoa samaki katika mabwawa ya Mto Tana kama Masinga na Kamburu. Omena kutoka Ziwa Victoria nao hufika kila soko, na hupenda kusagwa ndani ya unga wa uji wa watoto. Mandazi yanayouzwa langoni mwa shule yana ngano, na huenda yana maziwa na mayai. Mashine ya kusaga unga nayo haioshwi kila anapoondoka mteja. Aliyekutangulia akiwa amesaga njugu, zilizosalia ndani zitatokea katika unga wako.

SI KILA TUMBO KUUMA NI MZIO

Hapa yafaa tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana. Wazazi wengi wa leo wanakumbuka maziwa ya Nyayo, yale ya bure ambayo Rais Daniel arap Moi aliagiza wapewe watoto wa shule za msingi mwaka 1979, na ambayo yalififia miaka ya tisini. Wako waliokunywa wakafurahi, na wako ambao tumbo lilinguruma na kuwapeleka msalani mbio. Wengi katika hao wa pili hawakuwa na mzio. Miili yao ilikuwa imepunguza kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa iitwayo laktosi, jambo la kawaida kwa Waafrika wengi kadiri wanavyokua. Hali hiyo husumbua tumbo lakini haiui. Mtu wa namna hiyo mara nyingi hustahimili maziwa lala, kwa kuwa kule kuganda hupunguza laktosi.

Mwenye mzio wa maziwa ni mwingine kabisa. Yeye hugombana na protini ya maziwa, na protini hiyo imo katika maziwa lala, siagi, jibini na chai ya maziwa. Ukimwambia anywe maziwa lala kwa sababu jirani yako yalimfaa, unamtia hatarini. Ndiyo maana nasema jina la ugonjwa litolewe na daktari, si jirani wala dada wa saluni.

MARINGO AU MARADHI?

Katika shule zetu kuna makosa mawili yanayopigana kama fahali, na ziumiazo nyasi ni watoto.

Kosa la kwanza ni dharau. Mtoto akisukuma sahani, mkubwa hudhani ni maringo. "Wenzako wanakula, wewe ni nani?" Huambiwa mzio ni ugonjwa wa matajiri wa mjini, na kwamba mtoto wa Mbeere aliyekulia kunde na ndengu hawezi kuwa nao. La hasha! Mzio haumuulizi mtu anakotoka. Mtoto mwenye njaa pia aweza kuwa nao, na kwake mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa kile anachokatazwa huenda ndicho pekee kilichopikwa siku hiyo. Kumlazimisha mtoto ale kinachomdhuru si adabu. Mtoto mdogo akisema ulimi unamchoma au koo linabana, yeye ndiye wa kwanza kujua yanayotendeka mwilini mwake. Asikilizwe.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo. Kuna wazazi ambao kila chakula ambacho mtoto hakipendi hukiita aleji. Leo ni aleji ya sukuma wiki, kesho ya githeri, mtondo ya maharagwe. Matokeo yake walimu wamechoka kusikia neno hilo, na siku anapokuja mgonjwa wa kweli hawamwamini. Tena katika eneo kavu kama Mbeere, ambako mvua ikikosa mara moja tu ghala hubaki tupu, kumkataza mtoto maharagwe au mayai kwa kubahatisha ni kumnyima protini anayoihitaji akue. Mzio wa kudhaniwa hudhoofisha, na mzio uliopuuzwa huua.

Dawa ya makosa yote mawili ni moja, nayo ni uchunguzi. Daktari ataanza kwa kuuliza: alikula nini, baada ya muda gani, dalili zilikuwa zipi, ilitokea mara ngapi? Kisha aweza kuagiza kipimo cha ngozi au cha damu. Vipimo peke yake havitoshi, kwani mtu aweza kuonekana nao katika damu na bado akala chakula hicho bila taabu. Majibu husomwa pamoja na maelezo yenu. Kwa hiyo kabla ya kwenda hospitali, andika kila ulichokiona.

DALILI ZA KUKIMBIA NAZO

Mabaka machache na mwasho pekee huweza kutulizwa na dawa za kuzuia histamini kama vile Piriton au setirizini. Lakini kuna hali ya hatari ambayo kila mwalimu, mpishi na bawabu anapaswa kuijua. Mtoto akishavimba ulimi au koo, sauti ikakwaruza, akakohoa mfululizo, kifua kikalia, akaishiwa nguvu, akageuka baridi na kulegea, usimngojee mzazi afike. Hali kadhalika ikiwa mabaka yameandamana na kutapika kusikokoma baada ya kula kitu kinachojulikana kumdhuru. Mtoto mwenye pumu achungwe zaidi, maana yeye huzidiwa haraka.

Dawa ya hali hiyo ni adrenalini, inayodungwa katika msuli wa paja, upande wa nje. Piriton haiwezi kufungua njia ya hewa iliyoziba, na kungoja ifanye kazi kumewagharimu watu maisha. Katika nchi tajiri watoto hubeba adrenalini katika kalamu maalumu ambayo hata asiye mganga aweza kuitumia. Kwetu kalamu hizo ni ghali na hazipatikani kwa urahisi. Lakini adrenalini ya ampuli ni ya bei nafuu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo jambo la kwanza kwa shule iliyo mbali na mji ni kuuliza mapema: zahanati iliyo karibu nasi ina adrenalini? Hufunguliwa saa ngapi? Nani yuko zamu Jumamosi? Kama haina, ni wapi pengine kabla ya kufika hospitali kuu mjini Embu?

Wakati usafiri unatafutwa, mlaze mtoto chali na kuinua miguu yake. Akiwa anapata shida kupumua, mwache aketi na kunyoosha miguu. Akitapika au kuzimia, mlaze kwa ubavu. Usimsimamishe wala kumtembeza, kwa maana msukumo wa damu uliokwisha kushuka waweza kumwangusha ghafla. Ndiyo sababu bodaboda si chombo kizuri kwa mtoto aliyelegea. Shule iwe na makubaliano na mwenye gari wa jirani, na nambari yake ibandikwe ukutani. Hata akipata nafuu baada ya sindano, abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwani dalili huweza kurudi mara ya pili.

MKONO MMOJA HAULEI MWANA

Tunaweza kufanya nini basi, bila kusubiri fedha za serikali? Mengi.

Kwanza, mzazi apeleke barua ya daktari yenye picha ya mtoto, jina la chakula kinachomdhuru, dalili zake, dawa na kipimo, na nambari mbili za simu. Barua hiyo isilale katika faili la mwalimu mkuu. Nakala moja iwe kwa mwalimu wa darasa, nyingine jikoni.

Pili, mzazi aonane na mpishi ana kwa ana. Huyu ndiye mtu muhimu kupita wote, na ndiye anayesahaulika. Mpelekee heshima yake, mweleze, mwombe. Chakula cha mtoto kipakuliwe kwanza, kwa mwiko wake, katika sahani yake, kabla vyombo havijachanganyika. Unga ukibadilishwa, mzazi apigiwe simu kabla uji haujapikwa.

Tatu, dawa ziwekwe mahali ambapo watoto hawafikii lakini watu wazima wote wanapajua. Kabati lililofungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo amekwenda mkutanoni, ni sawa na kutokuwa na dawa. Tarehe ya kuisha nguvu ikaguliwe kila mwanzo wa muhula. Mwaka 2017 mvulana wa miaka 13 mwenye mzio wa maziwa alifariki London baada ya mwenzake shuleni kumrushia kipande cha jibini. Kalamu yake ya adrenalini iliyokuwa shuleni ilikuwa imepitwa na wakati. Ikiwa hayo yalitokea katika mji wenye hospitali kila upande, sisi tulio mbali tuna sababu kubwa zaidi ya kujihadhari.

Nne, wanafunzi wenyewe wafundishwe. Kisa hicho cha London kilianza kwa mchezo wa watoto. Waambiwe wazi kwamba kubadilishana chakula na mwenzao huyu, au kumtania kwa kumpaka njugu mkononi, si mzaha. Wakishakula wanawe kwa sabuni na maji, kwa kuwa dawa ya kupaka mikononi haiondoi protini ya njugu. Najua maji ni haba Mbeere, lakini kata moja kwa kila mtoto yatosha kuanzia. Na mtoto mwenye mzio asitengwe pembeni kama mwenye ukoma. Aketi na rafiki zake, sahani yake tu iwe tofauti.

Tano, tusidhani kwamba kumlisha mtoto huyu lazima kuwe na gharama kubwa. Githeri ya mahindi na maharagwe haina maziwa, mayai, njugu wala ngano. Mtoto asiyeweza ngano ana mtama, wimbi na mawele, nafaka ambazo wazee wa Mbeere walizilima kwa kuwa zavumilia ukame. Mara nyingi kinacholeta hatari ni vile vya kuongezwa: unga wa mchanganyiko, biskuti, kashata za langoni.

NA WALE WACHANGA?

Akina mama wenye watoto wachanga huniuliza: je, nisimpe njugu kabisa ili asipate mzio? Zamani hata madaktari wa Ulaya na Marekani walishauri hivyo. Lakini mwaka 2015 watafiti wa London walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 640 waliokuwa na ukurutu mkali au mzio wa mayai. Nusu yao walilishwa vyakula vyenye njugu tangu wakiwa na umri wa kati ya miezi 4 na 11, na nusu wakazuiwa. Walipofika miaka mitano, takriban 17 katika kila 100 ya waliozuiwa walikuwa na mzio wa njugu, lakini waliolishwa ni kama 3 tu katika kila 100. Kwa hiyo mama ambaye humwonjesha mwanawe uji wenye njugu zilizosagwa laini, baada ya kuanza vyakula vingine, hafanyi kosa. Mtoto mwenye ukurutu mkali, au aliyewahi kuvimba kwa chakula, aonwe na daktari kwanza. Na punje nzima za njugu asipewe mtoto yeyote wa chini ya miaka mitano, kwani zaweza kumkaba.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi na matibabu. Haki hiyo haikomei langoni mwa shule. Lakini katiba haitaingia jikoni kutenganisha miiko. Kazi hiyo ni yetu.

Kesho ni Jumatatu. Mzazi, kama mwanao ana chakula kinachomdhuru, usimtume na ujumbe wa mdomo. Fika mwenyewe, au mwombe nyanyake afike, na ulizeni mpishi anaitwa nani. Mwalimu, kagua kabati la dawa kabla ya gwaride. Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, ukimwona mwenzako midomo imevimba baada ya kula, usimcheke wala usimwache peke yake. Baki naye, upaze sauti, umwite mtu mzima.

Tahadhari kabla ya hatari. Hadi Jumapili ijayo, nawatakia chakula chema.